Pazo ya Vipande 1000: Namna ya Kupima Ubora Wake na Kuiunganisha Hadi Kipande cha Mwisho

Watu wanaoniomba msaada kuhusu pazo, yaani picha iliyokatwakatwa vipande ili mchezaji aiunganishe upya, karibu wote hukwama mahali pamoja. Wamemaliza ukingo kwa siku moja, wameunganisha nyumba na watu waliomo pichani kwa siku mbili tatu, kisha wamefika kwenye anga au msitu, vipande mia tatu vya rangi moja, na hapo kazi imesimama. Boksi hurudi chini ya kitanda, na mwenyewe hujihukumu kwamba hana subira.

Sikubaliani na hukumu hiyo. Nikiwauliza maswali mawili matatu, hubainika kwamba vipande havikuchambuliwa ipasavyo, au meza ilikuwa finyu, au pazo yenyewe ilikatwa vibaya kiasi kwamba kipande kimoja kilikaa mahali pengi bila kukataa. Kwa maneno mengine, kazi iliharibika kabla haijaanza. Kwa sababu hiyo nusu ya kwanza ya mwongozo huu inahusu maandalizi na ubora, na ninakusihi usiiruke ili uwahi kuunganisha.

## Vifaa vinavyohitajika

Ubao bapa. Pazo nyingi za vipande 1000 zikikamilika hufikia takriban sentimita 70 kwa 50. Mwombe seremala akukatie plaiwudi au hadibodi ya sentimita 90 kwa 65, aipige msasa upande mmoja. Ubao ni bora kuliko meza tupu kwa sababu unaweza kuuinua wakati wa chakula na kuurudisha baadaye bila kuvunja kitu.

Masinia sita hadi nane yenye kingo fupi. Vifuniko vya maboksi ya viatu vinafaa, na nyungo ndogo pia zinafaa. Mabakuli hayafai, maana vipande hulaliana na huvioni.

Taa ya mezani yenye mwanga mweupe, rula, shuka safi la kufunikia, na bahasha chache za karatasi. Gundi itahitajika tu kama unakusudia kuitundika picha ukutani, na nitaieleza mwishoni.

## Hatua ya 1: Lisome boksi kabla ya kulipa

Anza na vipimo vya picha iliyokamilika, ambavyo watengenezaji makini huviandika ubavuni mwa boksi. Pazo ya vipande 1000 yenye sentimita 70 kwa 50 humpa kila kipande eneo la wastani la sentimita za mraba 3.5, yaani pungufu kidogo ya sentimita 2 kila upande, na huo ndio ukubwa ambao vidole vya mtu mzima hushika bila taabu. Siku hizi zinauzwa pia pazo za vipande 1000 zenye sentimita 38 kwa 26 tu. Hapo kila kipande hubaki na takriban sentimita moja ya mraba, na macho ya mwanzilishi huchoka mapema sana.

Kisha itazame picha kama mtu atakayelazimika kuijenga. Kasri la Neuschwanstein la Ujerumani, kwa mfano, huchapishwa kwenye maboksi mengi sana, nami nalipenda. Lakini ukiligawa kwa macho utaona kwamba kuta na minara huchukua sehemu ndogo, na sehemu kubwa iliyobaki ni anga, milima na miti. Kama zaidi ya theluthi moja ya picha ni rangi moja, iweke akiba kwa ajili ya mara ya tatu au ya nne. Kwa kuanzia chagua genge la matunda, rafu za vitabu, au mtaa wenye milango ya rangi mbalimbali.

Wala usione haya kuanza na vipande 500. Katika mashindano ya dunia ya pazo, yaliyoanza mwaka 2019 mjini Valladolid, Hispania, wachezaji wa mmoja mmoja hushindana kwa pazo za vipande 500. Idadi hiyo si ya watoto.

Tahadhari: ukinunua pazo ya mitumba, chukulia kwamba kuna kipande kilichopotea mpaka uthibitishe vinginevyo, na lipa bei inayolingana na dhana hiyo.

## Hatua ya 2: Pima ubora kwa vipande vichache

Boksi likishafunguliwa, usimwage vyote. Toa vipande kama ishirini na uvifanyie majaribio yafuatayo, kwa sababu matokeo yake yataamua namna utakavyofanya kazi yote iliyobaki.

*Unene.* Panga vipande kumi kimoja juu ya kingine, uvibane kidogo, kisha upime kimo chake kwa rula. Kimo kikikaribia sentimita 2, kadibodi ina unene wa karibu milimita 2 na itakaa vizuri mkononi. Kikiwa sentimita moja na nusu au pungufu, tegemea vipande vinavyopinda na ndimi (sehemu zinazochomoza na kuingia kwenye tundu la kipande jirani) zinazovunjika ukizitoa kwa haraka.

*Karatasi ya picha.* Pitisha ukucha taratibu kwenye ubavu wa kipande, pale picha inapokutana na kadibodi. Katika pazo nzuri ukucha huteleza. Katika pazo duni karatasi huinuka kama ngozi ya kitunguu, na usipokuwa mwangalifu utakuta pembe za vipande zimebaki nyeupe. Usijaribu zaidi ya vipande viwili, kwani jaribio lenyewe linaweza kuharibu.

*Mkato.* Vipande hukatwa kwa kugandamiza kadibodi chini ya kisu cha chuma chenye umbo la wavu. Kisu kikiwa butu, huacha vumbi jingi la karatasi ndani ya mfuko na vipande vilivyoshikamana kwa nyuzi. Vumbi kidogo ni la kawaida. Vumbi linalofunika vidole ni dalili ya kisu kilichochoka. Vipande vilivyoshikamana usivivute: vikunje taratibu kwenda nyuma, kisha mbele, mpaka nyuzi zikatike zenyewe.

*Mshikano.* Ukipata vipande vinne au vitano vinavyoungana katika mstari, shika kimoja cha mwisho na uinue. Mstari ukinyanyuka mzima, mkato ni wa kubana. Ukiachana mara moja, ni wa kulegea. Wapo wanaopenda ulegevu huo kwa kuwa haulazimishi vidole, lakini kwa mtu anayehamisha ubao kila jioni mshikano wa kubana ni rafiki mkubwa.

*Mng'ao.* Inamisha kipande chini ya taa. Pazo zenye uso uliotiwa mkwaruzo mdogo kama kitambaa cha kitani hupunguza mng'ao, ilhali zile zenye uso wa kioo zitakulazimisha kuhamahama na kiti usiku kucha.

Baadhi ya pazo za bei nafuu huwa na herufi nyuma ya kila kipande, ambazo huonyesha ni sehemu gani ya picha kinatoka. Mimi siziiti udanganyifu. Kwa mtu anayejifunza peke yake ni msaada halali, mradi tu asidhani kwamba herufi hizo zinafidia kadibodi nyembamba.

Dalili ya kufaulu: unaweza kusema kwa sentensi moja udhaifu wa pazo yako ni upi. Mwenye pazo ya kulegea atajua kwamba lazima akague kila muungano, na mwenye pazo nyembamba atajua kwamba hatakiwi kung'oa kwa nguvu.

## Hatua ya 3: Andaa mahali

Weka ubao mahali ambapo hautaguswa kwa wiki mbili. Epuka jua la moja kwa moja, kwani hupausha rangi na kupinda kadibodi. Wakazi wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja wana jambo la ziada la kuzingatia: wakati wa masika hewa huwa na unyevu mwingi, kadibodi huunyonya na kuvimba, na vipande vilivyokuwa vikiingia kwa urahisi huanza kukataa. Ikikutokea hivyo usivigonge kwa ngumi. Peleka ubao kwenye chumba chenye feni kwa saa kadhaa, kisha ujaribu tena.

## Hatua ya 4: Geuza, kisha chambua

Hapa ndipo pazo inapofaulu au kushindwa, na ndipo wengi hutoa nusu saa mahali panapostahili saa mbili.

Mwaga vipande kwa mafungu, si vyote kwa pamoja, na geuza kila kimoja picha ikae juu. Kila kipande kinapopita mkononi mwako, kiamulie mara moja sinia lake. Vipande vyenye upande ulionyooka ni vya ukingo, navyo vina sinia lao peke yao. Vilivyobaki vichambue kwanza kwa rangi na mchoro: vyenye maandishi, vyenye uso wa mtu, vyenye matofali, vyenye majani, vya anga. Usiwe na mafungu zaidi ya manane, kwa sababu baada ya hapo utaanza kusahau fungu lipi ni lipi.

Kipande chenye rangi mbili kina thamani kubwa kuliko kumi vya rangi moja. Nina kipande hapa mbele yangu ninapoandika: robo tatu yake ni buluu ya anga, lakini kwenye ulimi wa chini kuna mstari mwembamba wa kahawia, upana wa uzi, ambao ni ncha ya paa. Ningekitupa kwenye fungu la anga ningekitafuta kwa siku tatu. Kwa kuwa nilikiweka kwenye sinia la mipaka, kilipata mahali pake siku ya kwanza, na kikaleta pamoja nacho mstari mzima ambao anga lingeshikamana nao. Tenga sinia moja kwa ajili ya vipande vya aina hii tu.

Baada ya kumaliza, hesabu vipande vya ukingo. Pazo ya vipande 1000 kwa kawaida hupangwa safu 40 kwa 25, au 38 kwa 27, ambayo kwa hakika ni vipande 1026. Mipangilio yote miwili ina vipande vya ukingo 126, pamoja na vinne vya pembe: jumlisha 40 na 25, zidisha kwa mbili, kisha ondoa 4 kwa kuwa kila pembe ilihesabiwa mara mbili; fanya hivyo kwa 38 na 27 utapata jibu lilelile. Ukipata 119 hujapotelewa na kitu bado. Maana yake ni kwamba vipande saba vya ukingo vimejificha katika masinia mengine.

Dalili ya kufaulu: hakuna kipande kilicholala kifudifudi, na mtu akikuuliza, unaweza kumwonyesha sinia la kila sehemu ya picha bila kufikiri.

## Hatua ya 5: Jenga ukingo

Pima ubaoni kwa rula eneo lenye vipimo vilivyoandikwa kwenye boksi, weka vipande vinne vya pembe kwenye pembe zake, kisha jenga upande wa chini kwanza, kwani mara nyingi ndio wenye rangi nyingi. Ukingo wa juu ambao wote ni anga usiulazimishe. Upange kwa makadirio, uache nafasi, na uendelee.

Tahadhari: ukingo ndio mahali ambapo muungano wa uongo, yaani vipande visivyo jirani kushikana kana kwamba ni jirani, hutokea zaidi. Ukimaliza, linganisha urefu wa upande wa juu na wa chini kwa rula. Zikitofautiana kwa upana wa kipande kimoja, kuna kimoja kilichorukwa au kilichoingizwa upande usio wake, na makosa hayo ukiyaacha yatahamia ndani ya picha.

## Hatua ya 6: Jenga visiwa

Usijenge kutoka ukingoni kuelekea ndani kama mtu anayesuka mkeka. Chukua sinia lenye mchoro ulio wazi zaidi, tuseme maandishi ya bango au uso wa mtu, ulijenge pembeni mpaka liwe kisiwa kinachojitegemea, kisha ukisogeze mpaka mahali pake ukitazama picha ya boksi. Sababu ni kwamba kila kisiwa kinapotua hukupa mipaka mipya, na mipaka ndiyo itakayokuokoa katika hatua inayofuata.

Kumbuka kwamba picha ya boksi wakati mwingine imepunguzwa kando ili iingie kwenye kifuniko. Ukiona ukingoni kitu kisichoonekana kwenye boksi, kiamini kipande.

Fanya kazi kwa vipindi vya saa moja au saa moja na nusu. Ukikuta umegusa kipande kilekile mara ya tatu bila kukiweka, macho yamechoka. Funika kwa shuka uondoke.

## Hatua ya 7: Anga, bahari na msitu

Sasa tumefika mahali ambapo maboksi hurudi chini ya kitanda.

Una vipande 300 vya buluu. Ukitafuta kipande cha nafasi moja kwa kubahatisha, na kila kipande kinaweza kugeuzwa namna nne, unakabiliwa na majaribio yanayoweza kufika 1200. Hakuna subira ya binadamu inayostahimili hilo, na ndiyo maana nasema kosa si la mchezaji. Acha kutafuta kwa rangi, anza kutafuta kwa umbo.

Katika pazo ya safu zilizonyooka, vipande vya ndani vina maumbo sita tu: chenye ndimi nne, chenye ndimi tatu na tundu moja, chenye ndimi mbili zinazotazamana, chenye ndimi mbili zilizo jirani, chenye ulimi mmoja, na chenye matundu pande zote nne. Chambua vipande vyote vya anga katika makundi hayo sita. Kundi la ndimi mbili zinazotazamana ndilo huwa kubwa kuliko yote, kwa hiyo lipe ubao mzima kama unao.

Kisha panga kila kundi katika mistari, vipande vyote vikiwa vimeelekea upande mmoja, kama askari kwenye gwaride. Chagua nafasi ambayo tayari imezungukwa pande mbili au, bora zaidi, tatu. Itazame: inahitaji ulimi upande gani, tundu upande gani? Ukijua pande tatu, jibu litakupeleka kwenye makundi mawili tu, na ukijua mbili, kwenye matatu au manne, na ndani ya kila kundi utajaribu mstari kwa mstari bila kurudia kipande ulichokwishakikataa. Kazi iliyokuwa na majaribio 1200 hupungua sana.

Mwanga nao una kazi yake. Anga lililochapishwa vizuri si buluu moja. Kwa kawaida huwa jepesi karibu na upeo na zito kuelekea juu. Chini ya balbu ya manjano tofauti hiyo hupotea kabisa, ilhali karibu na dirisha asubuhi huonekana wazi. Mimi huchambua anga asubuhi na kuliunganisha usiku.

Tahadhari: katika eneo la rangi moja, kipande kinachoingia si lazima kiwe ndicho. Pitisha kidole juu ya muungano. Ukihisi ngazi ndogo, au ukiona mwanya kwenye pembe ambapo vipande vinne vinakutana, kitoe. Kipande sahihi hukaa bila kusukumwa kwa kidole gumba, na mistari ya mkato huendelea kupitia kwake bila kuvunjika.

Dalili ya kufaulu: unajaza nafasi kwa mwendo usiobadilika sana, hata kama ni wa polepole, nao huongezeka kadiri makundi yanavyopungua.

## Hatua ya 8: Kagua, na utafute kilichopotea

Picha ikikamilika, zima taa ya chumba, washa tochi ya simu na uilaze kando ya ubao ili mwanga uteleze juu ya picha. Miungano ya uongo itajitokeza kama makovu. Irekebishe.

Kama nafasi moja imebaki wazi, tafuta kwa utaratibu huu: ndani ya mikunjo ya boksi na mfuko wake, chini ya ubao, kwenye mikunjo ya nguo na viti, na kwenye taka za ufagio kabla hazijatupwa. Niliwahi kumlaumu muuzaji kwa kipande ambacho siku nne baadaye nilikikuta kimeganda chini ya sinia langu mwenyewe, na ilinibidi nirudi kumwomba radhi. Kama kweli hakipo na pazo ilikuwa mpya, mwandikie mtengenezaji ukitaja namba iliyo kwenye boksi. Ndiyo maana boksi halitupwi.

## Hatua ya 9: Kuitundika au kuihifadhi

Kwa kuitundika, ingiza karatasi ya kuokea chini ya picha, mimina gundi nyeupe ya maji katikati, na uisambaze kwa kadi ya plastiki kuelekea kingoni katika tabaka jembamba. Gundi ikikauka husinyaa na kuivuta kadibodi upande mmoja. Picha yangu ya kwanza niliipaka gundi nyingi, siku ya mvua, na asubuhi ilikuwa imejikunja kama jani la mgomba lililokauka. Kwa hiyo chagua siku kavu, paka kidogo, na ikishakauka kwa kuigusa, weka karatasi nyingine ya kuokea juu yake, kisha ubao wenye vitabu vizito, mpaka kesho yake. Halafu igeuze na upake upande wa nyuma vilevile ili mivutano ilingane.

Dalili ya kufaulu: unaweza kuishika pembe mbili na kuiinua, nayo inabaki imenyooka.

Kama utaihifadhi, ivunje kwa mikono bila kurarua ndimi, na weka vipande vya ukingo katika bahasha yao yenye maandishi. Weka boksi juu ya kabati mahali pakavu, maana kadibodi yenye unyevu huita kuvu, na mende nao huitafuna. Kabla ya kulifunga, andika kwenye kikaratasi tarehe, idadi ya vipande ulivyohesabu, na nafasi ya kipande chochote kinachokosekana, ili ndugu au jirani utakayemwazima asipoteze usiku mzima akitafuta kitu ambacho hakimo.